Mary wa Ndola

Chaki ina harufu. Wanaosema haina hawajawahi kufua shati la mtu lililojaa chaki, likaloa, likatoa ule mnuko wa ukuta mpya uliopigwa na mvua. Matanga ya Papa yalipokwisha, tulifungua sanduku lake la bati ili tugawe nguo kwa ndugu, na harufu hiyo ndiyo iliyotutokea kwanza. Wadogo zangu wawili walisema ni dawa ya mende. Mimi niliijua. Nilitia mkono chini kabisa, chini ya koti lake la harusi, nikagusa jalada gumu la daftari, nikautoa mkono upesi kama mtu aliyegusa mbabula yenye makaa ya moto.

Sisi hatukuita daftari, tuliita kaye. Na kaye hiyo nusura ituvunjie nyumba. Aliyeisoma kwa mara ya kwanza, miaka mingi kabla, ni mimi, mtoto wa miaka kumi, mjuaji wa kila kitu, wa kwanza darasani na wa mwisho kunyamaza.

Tulikaa mtaa wa Katuba. Papa aliendesha kamyo ya mfanyabiashara mmoja wa Kivu aliyeuza unga na samaki wa barafu kwa jumla, na wiki nzima alikuwa akienda Kipushi na kurudi. Mama alitengeneza munkoyo, kinywaji cha mizizi, nyumbani na kuuza kwenye ndoo, kikombe kwa kikombe. Mpaka leo nikikuta mahali wanatwanga mizizi ya munkoyo nasimama kidogo, kwa sababu Mama alitwanga huku akiimba, na sauti ya mchi wake ndiyo iliyokuwa saa yetu ya asubuhi.

Mama alikuwa amesoma mpaka darasa la nne la sekondari. Papa aliishia la tano la msingi. Jambo hili halikusemwa nyumbani, ila lilikuwepo, kama jiwe ndani ya mchele: unalijua siku ukiling'ata. Barua ya shule ikija, Papa aliishika, akaitazama juu na chini, kisha akampa Mama. "Macho imechoka na barabara," alisema. Mama aliisoma kwa sauti bila kumwangalia usoni. Na ilikuwa mbaya zaidi alipokuja kaka yake Mama, Tonton Albert, mwalimu wa Likasi, mwenye miwani na kalamu tatu mfukoni. Papa, ambaye barabarani alijibizana na kila askari, mbele ya shemeji yake aliongea maneno kumi kwa siku.

Basi Papa akaanza kwenda garaji kila Jumamosi alasiri, saa ambazo kamyo ilipumzika. Hapo zamani alirudi kutoka garaji mikono ikiwa myeusi ya grisi mpaka viwikoni, tukamtafutia sabuni ya unga na mchanga wa kusugulia. Sasa alirudi jua likizama, mikono safi kama ya padri. Tena shati lake, mkono wa kulia na begani, lilikuwa na unga mweupe, laini, unaoshika kidole.

Niliona Mama akilinusa lile shati. Alilikung'uta, akalinusa tena, akalitumbukiza majini akakaa anaangalia maji yakigeuka maziwa. Dada wa mwalimu mzima, akashindwa kuijua chaki! Lakini wivu hauna macho, na pua nayo hufuata moyo. Mama aliona poda, ile wanawake wanayojipaka usoni. Aliacha tu kuimba, na mchi ukawa unapiga kinu peke yake, na mimi na wadogo zangu tukaanza kutembea ndani ya nyumba kwa vidole kama watu wa msibani.

Ijumaa moja, Papa akiwa Kipushi, Mama alisogeza gunia la unga ili afagie. Nyuma yake akakuta kaye. Aliifungua, akageuza kurasa mbili tatu, kisha akaniita. Aliketi kwenye kiti kifupi nyuma ya jiko, makaa yakitoa cheche, na kaye ilikuwa imelala kwenye mapaja yake.

"Hii ni Kiingereza," akasema. "Unasoma Kiingereza ku masomo, kweli?"

Nilisema ndiyo. Ukweli ni kwamba tulikuwa na saa moja ya Kiingereza kwa wiki, na saa yenyewe ilikwisha kwa kuimba siku za juma. Lakini nilikuwa nimejisifu sana pale nyumbani. Tena nilikuwa na kamusi ndogo ya mfukoni, ya Kifaransa na Kiingereza, zawadi ya Tonton Albert kwa kuwa wa kwanza. Nilikimbia kuileta. Moyo ulinidunda kwa furaha. Nakiri hivyo, kwa sababu nikisema niliogopa nitakuwa naongopa: hapo mwanzo nilifurahi, maana mkubwa alikuwa ananihitaji.

Mwandiko ulikuwa wa Papa, herufi kubwa zilizoinama mbele. Juu ya ukurasa wa kwanza kulikuwa na neno moja peke yake, limepigwa mistari miwili chini: WAIT. Chini yake sentensi tatu. Nilitafuta neno kwenye kamusi, nikapata attendre, yaani kungoja. Yaliyobaki niliyaunga moja moja, kidole kwenye kamusi, kidole kwenye kaye, mpaka yakanyooka. Nikasoma.

"Leo Mary ananingoya ku Ndola. Jana Mary aliningoya ku Ndola. Kesho Mary ataningoya ku Ndola."

Mama alikuwa anapepea makaa kwa kipande cha karatasi ngumu. Mkono ukasimama hewani. Akauliza Mary ni nani, nikasema sijui, imeandikwa Mary tu. Akasema niendelee.

Ukurasa wa pili ulikuwa na neno HIDE, na kamusi ikasema kuficha. Leo ninaficha barua. Jana nilificha barua. Kesho sitaficha kitu. Mama alirudia ile ya mwisho kwa sauti ya chini, mara mbili. Kesho ndiyo siku ambayo Papa angerudi.

Nikafunua ukurasa wa tatu. Neno la juu lilikuwa EAT, kula. Na katika sentensi ya kwanza nikakuta neno ambalo halikuhitaji kamusi, kwa maana Kifaransa na Kiingereza wanaliandika karibu sawasawa: tembo. Yule mnyama mwenyewe, mwenye mkonga. Leo ninakula tembo. Nilirudia kutoka mwanzo, nikakagua kamusi upya, tembo akabaki palepale. Niliona kwamba nimekosea mimi, na nikikubali nimekosea hapa, Mama atauliza kama sikukosea na kule nyuma, na umaarufu wangu wote utakwisha palepale kwenye moshi.

Mama akauliza, na hapo kumeandikwa nini? Nikamjibu kwamba hapo hakuna kitu, ni majina ya vyuma vya kamyo. Nikafunga kaye.

Nimejiuliza mara nyingi ilikuwaje sikuelewa. Wiki ileile mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika shuleni kwamba shangazi yangu ana farasi watatu. Shangazi yangu hakuwa hata na kuku. Mwalimu alinipa alama kumi juu ya kumi na hakuna aliyekuja kuuliza farasi wamefungwa wapi. Nilijua vizuri mfano ni nini. Kitu ambacho hakikuniingia akilini ni kwamba mtu mzima anaweza kuwa na mazoezi. Kwangu mimi kuandika mambo yasiyokuwepo ilikuwa kazi ya watoto, na mtu mwenye ndevu akishika kalamu, basi ameandika yaliyotokea.

Mama alimpigia simu kaka yake. Sikusikia yote, nilisikia "kuya kesho" na "hapana, haiko ugonjwa". Kisha akashusha mfuko mkubwa wa juu ya kabati na kuanza kutia nguo: zake, zangu, za wadogo zangu. Za Papa zilibaki zimening'inia. Aliikunja kila moja vizuri, kwa utulivu, na utulivu huo ulinitisha kuliko kelele. Nikamuuliza tunakwenda wapi. Akasema Likasi. Nikauliza tutarudi lini, akaniambia nimlete mdogo wangu aoge.

Jumamosi, Tonton Albert alifika kabla ya saa sita, na koti, na kalamu zake tatu. Mama alimweleza chumbani mlango ukiwa umefungwa. Papa alifika saa nane, vumbi mpaka kwenye kope, ameleta samaki wawili wamefungwa kwenye gazeti. Alimwona shemeji yake sebuleni, akaona na mfuko karibu na mlango. Alisalimia, akaketi. Mama alileta bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, akaweka mezani.

Hakuleta maji.

Kwetu mwanamke akimwandalia bwana yake chakula, kwanza anamletea beseni na jagi, anamwagia mikononi. Hata wakiwa wamegombana maji huletwa, labda kwa kuyabwaga, lakini huletwa. Kuweka chakula bila maji ni kusema: wewe hapa ni mgeni, na mgeni wa barabarani. Papa aliitazama ile bukari ikitoa mvuke. Akaitazama mikono yake. Hakugusa chakula.

Tonton Albert akatoa kaye ndani ya koti akaiweka katikati ya meza, kando ya sombe. "Beau," akasema, kama mashemeji wanavyoitana kwetu, "tuko hapa kwa kuskilizana. Utuambie, huyu Mary wa Ndola iko nani?"

Nilingoja hasira. Papa alikuwa mtu wa hasira, alikuwa anaweza kupindua meza. Lakini uso wake ulifanya kitu kingine. Ulianguka. Alikuwa kama yule mwanafunzi wa nyuma kabisa ambaye mwalimu amemwita ubaoni na hajui kitu. Akasema tu kwamba kaye ni yake. Tonton akauliza tena, kwa upole wa mwalimu, ule unaouma. Papa akajibu kwamba mambo ya ile kaye ni yake mwenyewe. Kisha akashusha macho sakafuni.

Mama akasimama. Akashika mfuko.

"Papa Ngalula," akamwambia, maana Ngalula ni mimi. "Niko naenda na batoto. Unasema ao hausemi?"

Papa hakusema. Ilinichukua miaka kuelewa ukimya ule. Alikuwa na aibu mbili mbele yake na ilibidi achague moja. Dereva mwenye mwanamke wa pili, wenzake kwenye maegesho wangempiga bega na kucheka. Ila mwanamume wa miaka arobaini anayeketi kwenye benchi na watoto wa sekondari, akitumwa ubaoni, akikosea, akichekwa. Hilo, kulisema mbele ya shemeji mwenye kalamu tatu, alikuwa tayari kupoteza nyumba kuliko kulisema. Hivyo ndivyo watu wazima walivyo. Na mimi nani nimcheke? Kwenye chumba kilekile nilikuwa nimekaa na tembo wangu, nimemficha kwa sababu ileile.

Mama alikwishamshika mkono mdogo wangu wa mwisho. Watu husema ulimi hauna mfupa. Wangu siku hiyo ulikuwa mzito kama nyundo.

"Mama," nikasema, "kuko page moja nilificha."

Wote watatu wakanigeukia. Mama akauliza page gani. Nikaenda mezani, nikaifungua kaye kwenye ukurasa wa tatu, na nikasoma bila kamusi, maana nilikuwa nimeukariri kwa woga tangu jana.

"Leo ninakula tembo. Jana nilikula tembo. Kesho nitakula tembo."

Nzi alitua kwenye sombe, hakuna aliyemfukuza. Tonton Albert akasema nirudie. Nikarudia. Mdogo wangu wa mwisho, mwenye miaka minne, akamuuliza Papa kama amemwachia kipande.

Tonton akaivuta kaye kwake. Akavaa miwani. Akaanza na ukurasa wa kwanza, kidole kikishuka pole pole, akageuza, kikashuka tena. Nilimsikia ananong'ona: leo, jana, kesho, leo, jana, kesho. Kila ukurasa neno moja juu na sentensi tatu chini, mpaka mwisho. Kuna mahali alisimama, akatoa kalamu nyekundu mfukoni akaifungua, maana ameona kosa na mkono wa mwalimu umezoea. Akaiangalia ile kalamu. Akaifunga, akairudisha mfukoni. Kisha akavua miwani na kumwambia dada yake kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Agnes. Huyu muntu iko nasoma. Hii yote ni bifano."

Hapo ndipo Papa alipofungua mdomo, na maneno yalitoka kama mtu anayetema miiba. Bosi wake alikuwa amesema atachagua dereva mmoja wa kwenda Ndola, ng'ambo ya mpaka, na mbele zaidi, na atachagua anayeweza kujieleza mpakani kwa Kiingereza. Papa akasikia kuna masomo kila Jumamosi kwenye sali, ukumbi wa kanisa, mtaa wa pili. Mwalimu alikuwa kijana aliyekulia Ndola, na desturi yake ni moja: kila neno utaliandikia leo yake, jana yake na kesho yake, na utasimama ubaoni uyaandike tena kwa chaki mbele ya wote. Jina la Mary aliwapa yeye. Alisema vitabu vyote alivyosomea utotoni vilikuwa na Mary.

Mama alikuwa bado amesimama na mfuko mkononi. Alimwuliza, kwa nini hakumwambia? Papa akajibu kwamba alitaka kwanza akijue Kiingereza. Kisha akaongeza, bila kuinua macho, "Ungecheka."

"Ningecheka, ndiyo," Mama akasema. "Lakini shati ningefua bila kulinusa."

Akaweka mfuko chini. Akaingia jikoni, akatoka na beseni na jagi, akapiga goti kidogo na kumwagia. Maji yalishuka mekundu kwa vumbi la barabara ya Kipushi. Alimwagia mara ya pili, polepole, mpaka yakawa meupe. Kisha akampa taulo.

"Kula mbio," akamwambia. "Saa tisa unaenda ku masomo."

Mimi sikupigwa. Afadhali ningepigwa. Papa aliniita jioni ile, akaniketisha, akasema tu kwamba ninajua Kiingereza, lakini ninasoma mbio sana. Nikaenda nyuma ya jiko kulia, nikalia kweli, si kwa kosa la kutafsiri bali kwa vile vyuma vya kamyo. Kosa la Kiingereza ni la kila mtu. Uongo ulikuwa wangu peke yangu, na nusura utupeleke Likasi watoto watatu bila baba, ili mimi tu nibaki na sifa yangu.

Safari za Ndola Papa hakuzipata. Bosi alimpa mpwa wake, ambaye Kiingereza chake kilikuwa good morning na mkono mrefu wa kusalimia. Papa alitukana siku mbili, ya tatu ikawa Jumamosi, akaenda masomo. Aliendelea. Kaye zilifika saba. Mary hakuonekana tena. Mama alikuwa amesema, kwa kicheko kisicho kicheko sana, kwamba huyo mwanamke apumzike sasa. Kuanzia hapo kila anayelima, anayepika, anayeimba na anayechelewa katika sentensi za Papa aliitwa Agnes. Mimi nilitokea mara moja tu, kwenye neno la kusoma. Leo Ngalula anasoma mbio.

Ile iliyokuwa chini ya koti la harusi ilikuwa kaye ya kwanza. Wadogo zangu walipotoka na nguo, nilibaki na Mama chumbani. Alikuwa ameketi mkekani na kikwembe chake cheusi, anachambua maharage, kwa sababu hata msibani Mama hawezi kukaa mikono mitupu. Akaiona. Akasema niisome. "Pole pole," akaongeza.

Nikafungua ukurasa wa kwanza. WAIT, mistari miwili chini. Mary wa Ndola alikuwepo, leo, jana na kesho. Lakini chini yake kulikuwa na wino mwingine, wa bluu mpya, na mwandiko uleule wa kuinama, safari hii unatetemeka, mwandiko wa miezi ile ambayo hakuweza tena kushika hata kikombe vizuri. Sentensi tatu. Sikuhitaji kamusi. Hata hivyo nilisoma kila neno moja moja, na nilipomaliza niligeuza ukurasa, nikageuza na uliofuata, kuhakikisha sijaruka kitu.

"Leo Agnes ananingoya," nikamsomea. "Jana Agnes aliningoya. Kesho, miye nitamungoya Agnes."

Mama aliokota jiwe dogo kwenye maharage, akalitazama, akalitupa. Akaniuliza kama sijakosea. Nikasema sijakosea, Mama, ndivyo alivyoandika. Akalaza mikono juu ya sinia.

"Basi angoye," akasema. "Kila safari yake nilikuwa nangoya miye. Sasa ndiyo ataijua muzuri ile neno."